Mwiba Hausukumwi kwa Bugali

Wamama, wababa, ndugu zangu wa Bukavu, asanteni. Nimeombwa niongee juu ya matundu ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na ya utumbo, na jinsi yanavyozibwa kwa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa ndani ya mwili, bila kumpasua mtu. Nitafika huko. Kwanza bugali.

Baba mmoja wa Kadutu alikula tilapia jioni, mwiba ukamkwama. Mke akamkatia tonge: meza bila kutafuna. Akameza. La pili, la tatu. Akasema umeshuka, akalala. Alfajiri hata mate yanapita kwa shida. Siku ya pili kifua kinauma hadi mgongoni, wakampa dawa ya vidonda vya tumbo. Siku ya tatu ndipo wanamleta, homa kali, shingo imevimba, ukiibonyeza vidole vinahisi mapovu yanapasuka chini ya ngozi. Hiyo ni hewa. Umio umetoboka, na kila anachomeza kinamwagika kifuani, jirani na moyo.

Najua mtakachosema: "Docta, bibi alitusukumia miiba kwa bugali, na tuko hapa." Kweli, mingi hupita. Ambao mwiba wao ulipita mnakula nao mezani. Ambao haukupita niko nao mimi wodini! Tonge halijui mwiba umelala vipi. Kama umeshachoma ukuta, tonge linauzamisha zaidi. Mwongozo wa wataalamu wa endoskopi wa Ulaya unataka kitu chenye ncha kilichokwama umioni kitolewe ndani ya saa 2, zisizidi 6. Sisi tunahesabu siku. Wala radio, ile picha ya eksirei, isiwatulize: mara nyingi mwiba wa samaki hauonekani kwenye radio, mpaka skaneri, mashine ya CT.

Haya, tundu lenyewe. Likiwa bichi, chini ya sentimita 1, kamera inapitishwa mdomoni na kingo zinabanwa kwa klipu. Hapo hupulizwa kaboni dioksidi, si hewa ya kawaida, maana kaboni dioksidi mwili huifyonza upesi. Likikaribia sentimita 2, ipo klipu kubwa inayovalishwa kwenye ncha ya kamera, inauma kama mtego. Ukichelewa, usaha umejaa, kingo zimelegea, klipu haishiki. Zinabaki stenti, yaani mrija wa wavu uliovikwa utando unaoziba tundu kwa ndani, au sponji iliyounganishwa na pampu, inanyonya usaha usiku na mchana, inabadilishwa kila siku 3 hadi 5.

"Hayo ni ya Ulaya." Ndiyo maana nimeanza na bugali! Yule baba hatukuwa na sponji ya kumwekea. Alifunguliwa kifua, akalishwa kwa mrija wiki nyingi. Kuja usiku uleule kungemgharimu nauli ya pikipiki.

Utumbo unaotobolewa na homa ya matumbo, muda wa kuueleza leo hautoshi. Jueni tu kwamba huko kamera haisaidii, ni upasuaji, na haraka.

Mwiba ukikwama usile, usinywe, njoo. Ndiyo, mama pale nyuma? Limau? Hapana, mama. Linapita kooni mara moja tu, mwiba haulainiki. Na ndizi nayo ni tonge.