Sebuleni kwa Jirani: Siku ya Televisheni, 2 Juni 1953

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie siku moja ya vipindi vya televisheni katika zama za picha nyeusi na nyeupe. Nimechagua tarehe 2 Juni 1953, nchini Uingereza, siku aliyotawazwa Malkia Elizabeth wa Pili. Wanaoisimulia siku hiyo huanza na taji na magari ya farasi. Mimi leo nawageuzia macho upande wa pili, kwa waliokaa mbele ya kioo.

Kwanza mjue siku ya kawaida ilikuwaje. Palikuwa na stesheni moja tu, BBC. Mchana kulikuwa na kipindi kifupi cha akina mama na watoto wachanga, na saa kumi na moja jioni zamu ya watoto wakubwa kidogo. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja jioni matangazo yalizimwa kabisa, ili wazazi wapate nafasi ya kuwalaza watoto. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 1957 tu. Usiku vipindi vilirudi kwa saa chache, kisha wimbo wa taifa, basi. Mchezo wa kuigiza wa Jumapili ulichezwa moja kwa moja studioni, na mara nyingi wasanii walirudi Alhamisi wakaucheza upya tangu mwanzo. Kipindi kikikwama katikati, mtazamaji alionyeshwa mikono ya mfinyanzi ikizungusha udongo mpaka mambo yakae sawa.

Sasa katika nchi iliyozoea saa chache namna hiyo, BBC ikaingia hewani saa nne na robo asubuhi na kuendelea hadi baada ya saa kumi na moja jioni. Haikuwa imewahi kufanya kazi kubwa kama hiyo.

Na ilibaki kidogo isifanyike. Oktoba 1952 ilitangazwa kwamba kamera hazitaruhusiwa kufika mahali penyewe pa ibada ndani ya Westminster Abbey, kanisa la kutawazia wafalme jijini London. Waziri Mkuu Churchill hakuzitaka, Askofu Mkuu wa Canterbury naye hakuzitaka. Magazeti yakawaka, wananchi wakalalamika, na mwaka haukwisha kabla uamuzi haujageuzwa. Masharti yakawekwa: Malkia anapopakwa mafuta matakatifu, kamera zitazame kando, na uso wake usisogelewe mno. Peter Dimmock, aliyeongoza matangazo ya ndani ya kanisa, alisimulia baadaye kwamba aliwaonyesha wakubwa lenzi inayofanya watu waonekane wako mbali, halafu siku yenyewe akatumia inayovuta karibu. Mimi namuunga mkono. Bila lenzi ile, mtazamaji angeona kofia na migongo ya mabwana, na uso wa mwanamke kijana wa miaka 27 anayebebeshwa mzigo wa maisha yake yote usingeonekana.

Mtangazaji alikuwa Richard Dimbleby, aliyekuwa amepanda kwenye kiti chake juu kanisani tangu alfajiri. Sikilizeni kazi yake mkipata nafasi, hasa ninyi mnaosomea utangazaji: anajua wakati wa kunyamaza.

Lakini turudi sebuleni. Mapazia yamefungwa mchana kweupe, kwa sababu kioo chenyewe ni kidogo, inchi 9, 12 au 14, na mwanga wa dirishani unaiua picha. Seti inawashwa mapema maana valvu, zile taa ndogo za kioo zilizoendesha mitambo ya ndani, zinahitaji kupata moto. Picha inajengwa kwa mistari 405 tu, na ukisogea karibu unaiona mistari yenyewe. Viti vimeazimwa, watoto wako sakafuni mbele, wazee kwenye makochi, waliochelewa wamesimama mlangoni.

Nani walikuwa kwenye sebule hiyo? Hapa ndipo utafiti wa BBC wenyewe unapozungumza. Watu wazima wapatao milioni 20 walitazama, wengi kuliko waliosikiliza redio. Milioni 7.8 walitazama nyumbani kwao. Milioni 10.4 walitazama nyumbani kwa wengine. Na milioni 1.5 hivi walikuwa kwenye sinema, kumbi na baa. Maana yake waliokwenda kwa jirani walikuwa wengi kuliko wenye seti zao! Ninaposoma historia ya televisheni naona imeandikwa kana kwamba kila familia ilijifungia na kioo chake tangu mwanzo. Takwimu hizi zinakataa. Televisheni ilianza na hodi, karibu, na sogea kidogo mwenzio akae.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua sebule hiyo bila kuelezwa. Siku ile ya 1953 hatukuwa na televisheni. Kumbe Elizabeth alirithi ufalme akiwa Kenya, kule Treetops karibu na Nyeri, Februari 1952. Na alipovikwa taji, Kenya hiyo hiyo ilikuwa chini ya hali ya hatari, na Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa Kapenguria miezi miwili kabla. Haya hayakuonekana kwenye kioo cha London. Televisheni ilifika Nairobi mwaka 1962, na mwenye seti mtaani akawa mwenyeji wa mtaa mzima, vilevile kama Uingereza miaka tisa nyuma.

Kule kwao sebule zilianza kupungua wageni upesi. Waliotazama kwa jirani walitaka seti zao, na kufikia mwaka 1958 leseni za televisheni, yaani vibali vya kutumia seti nyumbani, zilizidi leseni za redio peke yake. Picha za siku ile zimehifadhiwa, sauti ya Dimbleby imehifadhiwa. Waliokaa sakafuni wamebaki kuwa hesabu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi mlio hapa. Mkirudi likizo, muulizeni bibi au babu: televisheni ya kwanza mtaani ilikuwa kwa nani? Nani aliruhusiwa kuingia na nani alichungulia dirishani? Mlikaa wapi, mlilipa chochote, nani aliamua izimwe saa ngapi? Rekodini kwa simu zenu, andikeni jina la mtaa na mwaka, mtuletee hapa idarani tuhifadhi. Sasa karibuni maswali.