Kupanda mlima wa theluji kando ya bahari na kurudi siku hiyohiyo

Karibuni. Saa hizi ni saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, giza bado totoro, na kabla sijaonyesha chochote nataka usikilize. Nakanyaga hapa. Umesikia? Inalia kama vigae vinavyovunjika. Hiyo ni theluji iliyoganda usiku. Ndiyo inayotupa ruhusa ya kupanda leo, na itakapoanza kunyamaza chini ya kiatu, tunageuka.

Milima iliyo karibu na bahari, kama ile ya Lofoten na Lyngen kule Norwei, au Milima ya Pwani magharibi mwa Canada, hupata theluji nyingi na nzito kwa sababu upepo unatoka baharini umejaa unyevu. Mwanzo wa majira ya kuchipua joto lake huchezacheza jirani na sifuri. Usiku maji yaliyo katikati ya chembe za theluji huganda na kuzishikanisha, mteremko mzima ukawa mgumu. Jua likipanda, maji yaleyale yanayeyuka, tabaka la juu linapoteza mshiko, na hapo maporomoko ya theluji huanza. Mlima ni uleule, lakini wa saa moja asubuhi na wa saa saba mchana tofauti yake ni kubwa mno.

Hatua ya kwanza unaifanya jana yake jioni, ukiwa nyumbani. Soma taarifa ya hatari ya maporomoko ya eneo lako. Kipimo kina ngazi tano. Wengi huogopa ngazi ya nne na ya tano wakabaki nyumbani, kisha ikitangazwa ya tatu wanaona ni katikati tu, si mbaya. Mimi ikiwa tatu nabaki kwenye miteremko ya chini, iliyolala, kwa sababu watu wengi hufia kwenye hiyo tatu.

Halafu angalia usiku utakuwaje. Anga likiwa wazi, theluji hupoteza joto lake kwenda juu na inaweza kuganda hata kama hewa iko juu kidogo ya sifuri. Mawingu yakitanda usiku kucha, ni kama umeifunika blanketi: asubuhi utakuta laini, na safari imekwisha kabla haijaanza. Piga na hesabu ya kimo. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo ufukweni kukiwa na nyuzi 8, kwenye mita 1,200 uko jirani na sifuri. Chini ya hapo, mvua ikinyesha, itanyesha juu ya theluji, na hiyo siendi kabisa.

Sasa muda. Mtu wa kawaida kwenye theluji hupanda kama mita 300 kwa saa. Mlima wa mita 900 kutoka ufukweni ni saa tatu. Ukianza saa kumi na moja alfajiri, saa mbili asubuhi uko juu, na saa nne umeshatoka kwenye miteremko mikali. Andika saa ya kugeuka kwenye karatasi, mpe mtu unayemwamini pamoja na njia utakayopita, na mwambie utampigia saa ngapi.

Vifaa nitavipitia haraka. Kramponi, yaani meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu, shoka la barafu, kofia ngumu, taa ya kichwani, koti la kuzuia upepo, chai ya moto. Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua si mapambo: theluji mpya hurudisha karibu asilimia 80 ya miale inayounguza, kwa hiyo jipake hata chini ya kidevu na kwenye matundu ya pua. Macho yakiungua huyahisi baada ya saa kadhaa, ukiwa umeshachelewa.

Hivi vitatu, lakini, sitaki uvipite haraka: redio ya kutafutana chini ya theluji, fimbo ndefu ya kuchokolea, na koleo. Kila mmoja awe na vyake vitatu. Redio zote hutumia masafa ya kilohezi 457, kwa hiyo ya kampuni yoyote itaisikia ya mwenzake. Kabla hatujaondoka, mmoja anatangulia, wengine wanapita mbele yake mmoja mmoja, kila redio inasikika. Aliyefukiwa ana takriban dakika kumi nzuri. Baada ya hapo nafasi yake inashuka vibaya. Kikosi cha uokoaji hakitafika ndani ya muda huo. Atakayemfukua ni wewe.

Tukiwa njiani, tunapima mteremko. Sogea karibu uone. Fimbo hii ya kutembelea nimeisimamisha wima kwenye theluji. Hii nyingine nailaza sawasawa kuelekea mlimani, mpaka ncha yake iguse mteremko. Fimbo zina urefu mmoja. Iliyolala ikikutana na iliyosimama katikati kabisa, mteremko ni kama nyuzi 27. Ikikutana nayo juu kwenye kishikio, ni 45. Sasa tazama hapa: imekutana juu kidogo ya katikati, yaani tumeingia kwenye 30. Maporomoko mengi huanzia kati ya 30 na 45. Kwa hiyo tunazunguka kupitia mgongo wa mlima ule wa kushoto. Dakika ishirini zaidi, na sizionei uchungu hata kidogo.

Kramponi zivae mapema, ukiwa bado mahali pa kusimama vizuri. Shoka lishike kwa mkono ulio upande wa mlima. Usikaribie mashina ya miti, maana theluji inayoyazunguka huwa na shimo lililofunikwa. Ukisikia maji yakitiririka chini ya miguu, rudi, tafuta pengine. Na ukifika kwenye ukingo wa juu, kaa mbali na theluji iliyoning'inia upande wa pili. Hukatika nyuma zaidi ya unavyodhani. Ukungu wa baharini unaweza kukufunika kwa dakika chache, kwa hiyo simu yenye ramani iweke mfuko wa ndani, kwa sababu baridi humaliza betri.

Kileleni kaa kidogo tu. Mwaka mmoja nilikaa nusu saa zaidi kwa sababu bahari ilikuwa imetulia na visiwa vyote vilionekana. Kushuka nilizama mpaka mapajani, na mara mbili niliona theluji ikiteleza pembeni yangu. Tangu siku hiyo saa ndiyo inayoniamulia.

Ishara za kuondoka ni hizi. Jua huanza na miteremko ya mashariki, kwa hiyo itazame hiyo kwanza. Vidonge vya theluji vinajiviringisha vyenyewe kuteremka. Theluji inadondoka kutoka kwenye miamba na matawi. Kiatu kinazama mpaka kifundoni: geuka. Kikizama mpaka katikati ya muundi, ulipaswa kuwa chini zamani; pita kwenye migongo na miti minene, mmoja mmoja, wengine wakimwangalia.

Usiteleze kwa makalio ukiwa na kramponi miguuni. Meno yakinasa, kifundo kinavunjika. Zivue kwanza, na uteleze pale tu unapoona mwisho wa mteremko.

Tumefika. Saa nne na dakika kumi. Kanyaga hapa tena: kimya, maji matupu. Kabla hujavua viatu, mpigie yule uliyemwachia karatasi.