Haidrolojia: Hesabu ya Maji Tusiyoyaona

Waheshimiwa wasikilizaji,

Naomba nianze na swali lililowasumbua wanazuoni kwa karne nyingi: mto hupata wapi maji katika miezi ambayo hakuna hata tone moja la mvua? Wengi waliamini kwamba mvua haitoshi kulisha mito, na kwamba maji ya bahari hupenya chini ya ardhi, yakachujwa chumvi, kisha yakapanda hadi kwenye chemchemi za milimani. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alilinganisha kiasi cha mvua inayonyesha katika bonde la juu la mto Seine na kiasi cha maji yanayopita mtoni, akakuta kwamba mvua ilikuwa takribani mara 6 ya maji ya mto. Kuanzia hapo swali likageuka: ikiwa mvua ni nyingi kiasi hicho, iliyobaki imekwenda wapi? Kwangu mimi, haidrolojia ilizaliwa pale swali lilipogeuka.

Haidrolojia ni elimu ya maji ya dunia: mahali yalipo, njia yanazopitia, wingi wake na hali yake. Msingi wake ni hesabu moja tu, kwamba mvua inayoingia katika bonde lazima ilingane na maji yanayotoka kwa mto, kwa mvuke na kwa njia za chini ya ardhi, pamoja na ongezeko au pungufu la akiba iliyomo ndani ya bonde hilo. Kuitamka hesabu hii ni rahisi. Kuikamilisha ni kazi ngumu, kwa sababu sehemu yake kubwa haionekani kwa macho. Hatuuoni mvuke unaotoka kwenye majani ya mimea, wala hatuyaoni maji yanayopita kati ya chembe za mchanga chini ya miguu yetu.

Na hayo ya chini ndiyo ninayotaka tuyatafakari zaidi. Takribani asilimia 97 ya maji ya dunia ni ya chumvi. Katika maji yasiyo na chumvi, zaidi ya theluthi mbili yamefungwa katika barafu, na karibu yote yanayosalia yamo ardhini. Mito na maziwa, tunayoyatazama kila siku, hayafikii hata asilimia 1.

Mwaka 1856 mhandisi Henry Darcy, wa mji wa Dijon, alichapisha matokeo ya kupitisha maji katika mitungi iliyojazwa mchanga, akaonyesha kwamba kasi yake hutegemea tofauti ya kimo cha maji, urefu wa njia na aina ya mchanga. Ardhini, kasi hiyo mara nyingi haifiki mita moja kwa siku. Mwendo huo wa polepole ndio jibu la swali letu la kwanza: mvua iliyozama zamani huendelea kuchuruzika mtoni wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo kisima na mto vinachota katika akiba moja. Anayevuta maji mengi kisimani leo anaweza kuupunguza mto miaka kadhaa baadaye, na kama kina cha maji visimani na mtiririko wa mto havikupimwa kabla ya pampu kuwashwa, hakuna atakayeweza kuthibitisha maji hayo yalikokwenda.