Maziwa hayasafishi mapafu

Jamani tukae tuanze, muda umeenda. Nitasema lile lile ambalo nalisema kila nikipewa maiki: maziwa hayaendi kwenye mapafu. Hayaendi! Fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anashinda kwenye moshi kutwa nzima, jioni anapiga paketi ya maziwa anaona kamaliza, kifua kimesafishwa. Kaka yangu, maziwa yanashuka tumboni, hewa ina njia yake, na siku yakikosea njia yakaingia kwenye pafu utapaliwa mpaka ulazwe.

Sasa nani anasafisha? Wengi wanadhani pafu la mtu mzima wa afya ni hewa tupu. Sio kweli, kule chini kabisa kwenye vifuko vya hewa kuna seli za kinga zinaishi, hata kama hujaumwa mwaka mzima. Tumejuaje? Daktari anapitisha mrija mwembamba wenye kamera mpaka kwenye tawi la pafu, anauegesha hapo, anaingiza maji ya chumvi yasiyo na vijidudu kidogo kidogo na kuyavuta tena. Najua kuna mtu anataka kuniuliza dokta, si atazama huyo? Hazami. Kwa kawaida ni mililita 100 mpaka 300 tu, na yanayobaki mwili unayafyonza wenyewe.

Yale yaliyorudi ukiyazungusha kwenye mashine, ukapaka kwenye kioo, ukatia rangi, ukachungulia kwenye hadubini, ndo unawaona wenyeji. Kwa mtu mzima wa afya asiyevuta sigara, zaidi ya 85 katika kila seli 100 ni makrofaji. Limfosaiti, nazo ni seli za kinga, kama 10 mpaka 15, nyutrofili, zile za kinga zinazokimbilia maambukizi, hazizidi 3, na zile za aleji hata 1 ni shida kuipata.

Makrofaji ni liseli likubwa, la duara, kazi yake kula. Linakula vumbi, bakteria, seli zilizokufa, likishashiba mengine yanapandishwa na makohozi mpaka kooni, unameza bila kujua. Hilo ndo linakusafisha, tena bure, usiku na mchana. Ila masizi halina uwezo wa kuyasaga. Linayameza yanakaa humo humo tumboni mwake. Kwa mvuta sigara unakuta makrofaji mengi mara kadhaa zaidi na yamejaa uchafu wa kahawia na weusi, kama kitako cha sufuria ya kuni.

Na msiniambie mimi sivuti sigara. Kule Blantyre, Malawi, kuna utafiti ulitoka 2009, walichukua watu wazima wasio wagonjwa, wakaangalia makrofaji zao, wakakuta mzigo wa masizi unaendana na moshi wa nyumbani, mambo ya kuni na taa za mafuta. Watu wazima, hawajalazwa popote! Hilo ndo linaloniuma, maana sisi tunasubiri mtu akohoe damu ndo tuamini kifua kina tatizo.

Utasikia bibi yangu kapikia kuni mpaka uzeeni na hakuumwa. Bibi alipikia uani, upepo unapita. Wewe umepanga chumba Manzese, jiko la mkaa liko kwenye korido, dirisha umefunga kwa sababu ya mbu, na mtoto kalala mita mbili kutoka hapo. Tena huyo bibi nani alihesabu vikohozi vyake vya alfajiri? Toeni jiko nje jamani. Fundi, kitambaa cha shingoni sio barakoa, hakizuii moshi wa kuchomelea.

Nilitaka nieleze nyutrofili vizuri, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi zikiwa nyingi kwenye yale maji, kuna maambukizi au jeraha. Limfosaiti tuziache leo. Lakini TB siwezi kuiruka: kijidudu chake kikiingia kinamezwa na hayo hayo makrofaji, halafu badala ya kufa kinaishi na kuzaliana mle ndani, ndo maana dawa zake ni za miezi na sio wiki. Kikohozi cha wiki mbili nenda ukapime, vituo vya serikali ni bure, usinunue dawa ya kikohozi ya pili.

Haya, yule dada wa nyuma aliyenyoosha mkono muda mrefu, uliza mama.