Kutoa namba hasi bila wimbo

Ndugu zangu, karibuni. Nianze na wimbo ambao wengi wetu tulifundishwa: "hasi na hasi ni chanya." Kwenye kuzidisha na kugawanya hauna shida. Lakini mwanafunzi akikutana na −3 + (−5) anauimba uleule, anaandika 8. Jibu ni −8. Kosa si lake peke yake. Aliyempa wimbo hakumwambia unaishia wapi.

Leo tutatumia vijiti. Liu Hui, mwanahisabati wa China, aliandika mwaka 263 kwamba vijiti vyekundu ni namba chanya na vyeusi ni hasi. (Najua, wahasibu wa leo hasara ndiyo wanaiandika kwa wino mwekundu. Mvumilie mzee.) Chekundu kimoja na cheusi kimoja vikikutana, vinafutana: sifuri. Shikeni hilo tu.

Haya, hapa mezani naweka vyekundu viwili. Swali ni 2 − (−3), yaani niondoe vyeusi vitatu. Viko wapi? Havipo! Hapo ndipo watu hukimbilia kanuni. Tusikimbie. Naongeza jozi tatu, kila jozi chekundu kimoja na cheusi kimoja. Thamani imebadilika? Haijabadilika, kwa sababu kila jozi ni sifuri. Sasa nina vyekundu vitano na vyeusi vitatu. Naondoa vile vyeusi vitatu nilivyoagizwa. Vimebaki vyekundu vitano. Jibu ni 5.

Mmeona vile vyekundu vitatu vya ziada vilikotoka? Viliingia pamoja na vyeusi, vyeusi vikaondoka, vyenyewe vikabaki. Ndiyo maana kutoa hasi tatu ni sawa na kujumlisha tatu.

Sasa −7 − (−4). Vyeusi saba, ondoa vinne, vimebaki vitatu: −3. Jozi hazikuhitajika, na jibu halikugeuka kuwa chanya hata kidogo, wimbo useme utakavyo.

Walimu, neno moja kwenu: msisome "mbili toa toa tatu." Alama ya kwanza ni amri, ondoa. Ya pili inataja rangi ya kijiti. Someni "mbili, toa hasi tatu."

Anayeona mambo haya ni magumu asijidharau. Huko India, Brahmagupta aliziandika kanuni hizi mwaka 628 kwa lugha ya mali na deni: sifuri ukitoa deni, unapata mali. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mwaka 1758, Mwingereza Francis Maseres bado alikuwa akilalamika kwamba namba hasi zinatia giza kwenye milinganyo. Na alikuwa msomi!

La mwisho tufanye pamoja: −4 − 6. Mezani vyeusi vinne. Natakiwa niondoe vyekundu sita, na sina hata kimoja. Niongeze jozi ngapi? Sita, sawasawa. Vyekundu sita nje. Hesabuni vyeusi: kumi. Basi ni −10.