Mzee wa kitanda namba 6

Shikamooni walimu, na nyie wadogo zangu, mambo? Nimeambiwa niwaeleze unesi wa Uingereza ulivyo, najua wengi mmekuja kusikia mshahara na viza, tutafika huko, ila kwanza niwape hii ya korido.

Zamu yangu ya kwanza ya usiku nikapelekwa kusaidia emajensi. Nakuta machela zimepangwa ukutani mpaka kwenye lifti, bibi wa miaka 80 na kitu kalazwa chini ya swichi ya taa, dripu yake imening'inizwa kwenye ndoano ya makoti, analia anataka chooni na watu wanapita tu. Nikajisemea jamani, si ndo Ulaya hii?

Ukiuliza wenyewe watakwambia hela hamna, madaktari hawatoshi, wageni wamejaa. Ya hela sibishi. Ila mimi nimekaa wodini miaka na naona ishu kubwa iko mlango wa kutokea. Daladala imejaa, abiria wameshafika kituoni kwao ila mlango haufunguki, sasa konda atapakia wapi wengine? Ndo hospitali ya kule. Emajensi wanakosa pa kumpeleka mgonjwa, ambulensi zinapanga foleni nje na wagonjwa wakiwa ndani, na gari iliyokwama pale haiwezi kumfuata mwingine. Desemba 2022 huko England, mtu aliyeitiwa ambulensi kwa dalili za kiharusi au moyo, ambaye lengo lao ni kumfikia ndani ya dakika 18, alisubiri kwa wastani zaidi ya saa moja na nusu!

Wodini kwetu kulikuwa na mzee kitanda namba 6. Alivunjika nyonga, akapasuliwa, akapona, daktari akaandika aruhusiwe. Akakaa wiki tatu zaidi. Anasubiri dawa? Hapana, anasubiri mtu wa kupita kwake asubuhi na jioni kumsaidia kuoga na kuvaa, basi. Kila nikimpelekea chai ananiuliza, "Leo?" huku miguu inazidi kulegea kwa kulala.

Chanzo chake ni cha zamani. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali yao, ilianza Julai 5, 1948, waziri wa afya akiwa Aneurin Bevan, matibabu yakawa bure, lakini kumwogesha na kumlisha mzee wakaziachia halmashauri, na hao wanakupima kwanza mali uliyonayo. England ukiwa na zaidi ya pauni 23,250 unajilipia mwenyewe, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 2010, hebu piga hesabu bei za vitu zilivyopanda. Kwa hiyo nyonga ya mzee wangu ni ya NHS, soksi zake ni za halmashauri, mifuko miwili tofauti, na halmashauri ikivuta miguu gharama ya kitanda haiingii kwake. Waziri mkuu Boris Johnson 2019 alisimama mlangoni pa ofisi yake akaahidi kulimaliza hili mara moja. Ukapangwa ukomo wa gharama mtu anazojilipia, ukaahirishwa, serikali mpya ya chama cha Labour ikaufuta 2024 kabla haujaanza kazi.

Na hao makea wenyewe, yaani wale wa kupita kwa wazee kuwaogesha na kuwavalisha? 2022 wakafungua viza, Wanigeria, Wazimbabwe na watu wetu wakamiminika, Machi 2024 wakawakataza kuja na mke au mume na watoto, Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri kea kutoka nje. Kwa hiyo wewe unayetafutiwa viza ya kea na dalali, shika hela yako. Nesi aliyesajiliwa ana njia nyingine, nitawaeleza.

Mzee wangu alipata kea wiki ya nne. Siku mbili kabla ya kuondoka akashikwa na nimonia humo humo wodini, ruhusa ikafutwa, ile nafasi ya kea akapewa mwingine, tukamrudisha mwanzo wa foleni.