Agari ya uyoga huku kwetu Bukavu: tuongeze dakika

Jambo yenu ba mama, jambo ba papa, na ninyi vijana mulioko nyuma huko sogeeni kidogo, juu hii sahani ya labo, ya mviringo yenye kifuniko, ni ndogo na nataka kila mtu aione kwa macho yake.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni, mimi ninalima uyoga kwenye sashe, mifuko hii ya plastiki, hii mambo ya labo, ya maabara, inanihusu nini? Inakuhusu sana mama. Kwenye chupa ya mtama ama ya mahindi, ile tunayooteshea mbegu ya uyoga, uchafu unajificha, unaona nyeupe tupu, unafurahi, unaigawa kwenye sashe 20, siku kumi zikipita sashe zote zimekuwa kijani na jasho lako limeenda. Kwenye agari, hii rojo inayoganda kama jeli ndani ya sahani, hakuna pa kujificha. Nyuzi za uyoga zinatembea juu ya meza safi na mgeni yeyote akiingia unamuona baada ya siku chache, unakata kipande kizuri unakihamisha, unamuacha yeye na sahani yake.

Agari yenyewe inatoka kwenye mwani mwekundu wa bahari. Zamani kule Ujerumani, kwenye labo ya Robert Koch, daktari aliyechunguza vijidudu, walikuwa wanatumia jelatini, sasa joto likipanda inayeyuka, na tena kuna vijidudu vinaila. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse, njo aliwaambia wajaribu agari, juu yeye alikuwa anaitumia jikoni kwake kugandisha vitu vitamu. Napenda sana hii habari. Akili ilitoka jikoni ikaingia labo, na sisi hapa wote tunaanzia jikoni.

Haya, tupike. Viazi gramu 200, hivi vya mviringo, si viazi vitamu, unaosha unakata vidogo unachemsha kwa maji karibu nusu saa mpaka vilainike, unachuja kwa kitambaa bila kukamua sana, maji yale njo tunayataka. Ongeza glukozi gramu 20, ukikosa glukozi sukari ya duka inakubali, halafu agari gramu 15 mpaka 20, ujaze maji ifike lita moja. Pasha huku unakoroga, juu agari inayeyuka karibu digri 85 na ukiiacha inashika chini na kuungua. Mimina kwenye chupa, nusu tu, usijaze, kifuniko kiwe legevu na juu uvalishe karatasi ya aluminiamu.

Sasa hapa munisikilize vizuri, juu hapa njo nililia mimi. Vitabu vinasema kokoti ya presha, ile sufuria inayofungwa mvuke usitoke, digri 121, dakika 15. Nilifanya hivyo, dakika 15 kamili na saa mkononi, nikamimina sahani nzuri zinang'aa, siku ya tatu nafungua kabati zote zina matone ya utelezi kama ute wa yai, na harufu ya maharage yaliyolala. Nikarudia. Ikawa vilevile. Nikafikiri mikono yangu ni michafu, nikajisugua na javeli, dawa ile ya kung'arisha nguo, mpaka ngozi ikachubuka, kumbe mikono haikuwa na kosa. Ile hesabu ni ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu, Ziwa Kivu peke yake liko mita 1,460, maji yetu yanachemka karibu digri 95 tu, na kokoti inaongeza presha juu ya hewa ambayo tayari ni nyepesi, kwa hiyo mahali pwani wanapata 121 sisi tunapata kama 118. Digri tatu zinaonekana kidogo lakini kwa mbegu za bakteria, zile ngumu zinazovumilia maji ya kuchemka, ni karibu mara mbili ya muda. Mimi kwenye moto wa makaa naacha dakika 40, na sianzi kuhesabu mpaka mvuke utoke kwa nguvu dakika kama tano hivi ili hewa yote itoke kwanza. Musipitilize saa nzima, sukari inaungua, agari inakuwa kahawia na inakataa kuganda.

Kumimina ni haraka. Funga madirisha, zima ventilateri, feni ile, pangusa meza na alkoli, ngoja ikauke kabisa ndipo uwashe moto. Chupa ikifika pale unaweza kuishika bila kuruka, mimina kidogo tu, lita inatoa sahani kama 50. Zikiganda zipindue juu chini, maji ya mvuke yasidondokee juu. Halafu ngoja siku tatu bila kuweka kitu. Vijana hawapendi hii sehemu, lakini sahani ikiwa chafu bora ujue kabla ya kuipa uyoga wako.

Sasa pitisheni hizi mbili, musifungue. Yenye alama nyekundu ni ya dakika 15, muone ule utelezi pembeni. Ingine ni ya dakika 40, katikati nimeweka kipande cha uyoga juzi, shikeni kwenye mwanga wa dirisha muangalie zile nyuzi zimeanza kutoka pande zote.